Istilahi za Mfumo Endeshi katika Mafunzo Kazini: Hali ya Uvira na Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuendesha na kusimamia kompyuta katika ofisi za Uvira, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yetu ni kwamba mfanyakazi anayejifunza kwa kukariri vitendo, bila kupata dhana kwa lugha anayofikiria kwayo, hawezi kuilinda kazi ya ofisi yake siku kitu kinapoharibika. Tunaeleza kazi ya mfumo endeshi, tunapitia istilahi zinazoshindana, kisha tunapendekeza namna ya kufundisha mambo manne ya msingi: akaunti, ruhusa, uzimaji na chelezo.

1.0 Utangulizi

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Kuanzia Kavimvira upande wa mpaka wa Burundi, kupitia Mulongwe na Kimanga hadi bandari ya Kalundu, lugha inayowaunganisha wakazi ni Kiswahili. Nyumbani watu huzungumza Kivira, Kifuliru, Kibembe na lugha nyinginezo. Sokoni, hospitalini na katika vyombo vya majini hukutana katika Kiswahili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba barua ya ofisi huandikwa kwa Kifaransa, ilhali mazungumzo kuhusu barua hiyo hufanywa kwa Kiswahili.

Kompyuta iliingia katika hali hiyo ikiwa na lugha zake. Mashine iliyopitia Kigoma au Dar es Salaam huja na maandishi ya Kiingereza. Iliyopitia Kinshasa mara nyingi huja na ya Kifaransa. Mkufunzi husoma Kiingereza kwenye kioo, hueleza kwa Kifaransa, naye mwanafunzi humnong'oneza mwenzake kwa Kiswahili. Katika mnong'ono huo ndimo maarifa yenyewe hupita au hupotea. Kwa sababu hiyo mwanaisimu hana budi kulishughulikia suala hili, ingawa kwa juu laonekana kuwa la mafundi peke yao.

2.0 Mfumo endeshi ni nini?

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya mashine na kazi ya mtu. Ndio unaogawa muda wa kichakato kwa programu zote zilizo wazi, unaogawa nafasi ya kumbukumbu, unaotunza mafaili katika diski, na unaoamua nani aruhusiwe kufanya nini. Mtumiaji anapobonyeza ili barua yake ichapwe, hasemi na printa moja kwa moja. Anauomba mfumo endeshi, nao ndio unaosema na printa.

Mifumo inayojulikana zaidi katika ofisi zetu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Ya pili ni jamii ya Linux, ambayo kiini chake kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, kwa kufuata mfano wa Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani. Mojawapo ya matoleo ya Linux, lililotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, huitwa Ubuntu. Jina hilo limetoka katika lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na msomaji wa bulletini hii atatambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno letu utu.

Wataalamu wa Unix hutumia sitiari ya kokwa: sehemu ya ndani inayotawala vifaa ni kiini, na sehemu ya nje inayopokea amri za mtu ni ganda. Kwa mwanafunzi wa ufuko huu sitiari hii haihitaji maelezo marefu. Anayeijua michikichi anajua kwamba kiini cha chikichi hakifikiwi ila kwa kulipita ganda. Vivyo hivyo mtumiaji hagusi kiini cha mfumo; husema na ganda, nalo hupeleka maombi ndani. Hapa tafsiri ya moja kwa moja imefaa, kwa kuwa picha iliyomo katika lugha chanzi ipo pia katika maisha ya wasemaji wa lugha pokezi.

Usimamizi wa mfumo ni kazi tofauti na utumiaji. Mtumiaji huandika barua. Msimamizi huhakikisha kwamba barua hiyo itapatikana kesho, kwamba asiyehusika haisomi, na kwamba mashine ikifa barua haifi pamoja nayo. Katika ofisi kubwa kazi hiyo hupewa mtaalamu. Katika ofisi zetu ndogo humwangukia karani aliyeonekana kuwa mwepesi wa vidole, na mafunzo yake huwa ya siku chache tu.

3.0 Istilahi zinazoshindana

3.1 Juhudi za uundaji wa istilahi

Uundaji wa istilahi za Kiswahili una historia ndefu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam iliundwa mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania mwaka 1967. Hata hivyo, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, kompyuta ilikuwa bado haijaingia katika ofisi za kawaida. Istilahi zake nyingi zilisukumwa na mahitaji ya baadaye.

Jaribio moja kubwa lilikuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioendeshwa kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Windows na programu zake za ofisi. Tangu hapo mtu aweza, akitaka, kuifanya kompyuta imsemeshe kwa Kiswahili.

Kilichobaki ni kutokubaliana. Chombo chenyewe huitwa kompyuta Tanzania na tarakilishi katika maandishi mengi ya Kenya. Mfumo endeshi huitwa pia mfumo wa uendeshaji. Password ya Waingereza ina walau majina matatu: neno la siri, nenosiri na nywila. Chombo cha kuwekea mafaili huitwa folda, kabrasha au saraka. Kila istilahi ina watetezi wake, na mwanafunzi wa Uvira, anayesoma kitabu kilichoandikwa Nairobi na mwongozo uliotoka Dar es Salaam, hudhani kwamba anasoma habari za vitu viwili tofauti.

3.2 Mikopo ya Kifaransa

Kwetu kuna tabaka la tatu. Kongo ina mikopo yake iliyokwisha kukaa vinywani: ordinatere, fishie, dosie, mo de pase, na kle kwa kifaa kidogo cha kubebea mafaili. Wapo wanaoona aibu kwa maneno haya na kuyaita uchafu wa lugha. Maoni hayo hayana msingi wa kiisimu. Faili na folda ni mikopo vilevile. Tofauti ni kwamba yametoka London badala ya Paris. Neno dosie, zaidi ya hayo, lina faida moja kubwa: mfanyakazi wa serikali analijua tangu enzi za karatasi. Anajua kwamba dosie hukusanya hati za jambo moja, kwamba hufunguliwa na kufungwa, na kwamba dosie iliyopotea inaweza kumnyima mtu haki yake. Dhana iko tayari. Kinachohitajika ni kumwonyesha kwamba sasa imehamia ndani ya mashine.

Hatusemi kwamba Kiswahili cha Uvira kijitenge. Viwango vya kimataifa vya majina ya lugha vinatoa alama swh kwa Kiswahili cha pwani na swc kwa Kiswahili cha Kongo, zote mbili zikiwa chini ya alama moja ya jumla, swa. Mpango huo unaonyesha vizuri hali halisi: tofauti zipo, na umoja upo. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na haja ya kuelewana na majirani itazidi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mkufunzi aanze na neno ambalo mwanafunzi analo, kisha ampe neno sanifu kando yake: fishie ndiyo faili, mo de pase ndilo nenosiri. Mwanafunzi atoke darasani na maneno yote mawili, akijua kwamba kitu ni kimoja.

3.3 Uwezo wa mofolojia ya Kiswahili

Penye vitenzi, Kiswahili hakina haja ya kukopa sana. Kauli ya kutendua inatupatia jozi zinazoeleweka zenyewe: funga na fungua, pakia na pakua. Jozi hii ya pili ndiyo inayotumika kwa kupeleka mafaili kwenye mtandao na kuyaleta. Wanafunzi wengi huchanganya pande hizo mbili. Utatuzi uko Kalundu. Bandarini, kupakia ni kutia mzigo melini, na kupakua ni kuutoa melini na kuuleta ghalani. Inatosha kuwaambia wanafunzi kwamba meli daima ni ile mashine ya mbali, yaani seva, na ghala ni mashine iliyo mbele yako. Kuanzia hapo hakuna anayekosea tena kwa sababu ya lugha.

Kauli ya kutendesha nayo imetuzalia kusakinisha, yaani kuifanya programu ikae ndani ya mashine kama mkazi. Istilahi hii imetokana na sakini, kitenzi chenye asili ya Kiarabu kisichotumika sana kwetu. Hata hivyo, ikielezwa hukumbukwa, kwa sababu inamwonyesha mwanafunzi kwamba programu iliyonakiliwa tu katika diski si lazima iwe imesakinishwa. Mgeni aliyeweka mzigo barazani hajawa mkazi wa nyumba.

4.0 Mambo manne ya msingi

4.1 Akaunti na nenosiri

Somo la kwanza la usimamizi ni kwamba kila mtu awe na akaunti yake. Katika ofisi nyingi ndogo, akaunti huwa moja, nenosiri huwa moja, na karatasi yenye nenosiri hilo hubandikwa ukutani. Kwa kuwa wote wanaaminiana, hakuna anayeona tatizo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha akiba na mikopo chenye makarani watatu wanaotumia akaunti moja. Siku moja daftari la hesabu laonekana limebadilishwa. Mfumo endeshi hutunza kumbukumbu za matukio: nani ameingia, saa ngapi, faili gani limeguswa. Lakini kumbukumbu hizo zitataja jina moja tu, lile la akaunti ya pamoja. Mwenye hatia hatajulikana, na asiye na hatia hatakuwa na njia ya kujitetea. Hivyo akaunti ya binafsi si alama ya kutoaminiana. Ni ngao ya mfanyakazi mwaminifu. Mkufunzi akilieleza hivyo, upinzani hupungua. Akisema tu kwamba ndivyo kitabu kinavyotaka, karatasi itarudi ukutani.

Kuna tatizo jingine linalohusu eneo letu hasa. Mashine kutoka nchi zinazotumia Kifaransa zina baobonye ya mpangilio wa AZERTY, na zile kutoka Afrika Mashariki zina QWERTY. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile. M iko mahali pengine, na tarakimu katika AZERTY hupatikana kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Mfumo endeshi hauoni maandishi yaliyochorwa juu ya vitufe. Husoma nafasi ya kitufe, kisha hutafsiri nafasi hiyo kufuatana na mpangilio uliochaguliwa. Ikiwa mpangilio uliochaguliwa haulingani na vitufe, mtu aandikaye nenosiri kwa usahihi kabisa atakataliwa, naye haoni kosa kwa kuwa herufi za nenosiri hufichwa. Wako wanaofikia kuifuta mashine nzima na kusakinisha upya, kumbe ilitosha kubadilisha mpangilio wa baobonye kabla ya kuingia. Njia ya kupima ni nyepesi: andika jina la mtumiaji kwanza, mahali ambapo herufi zinaonekana, uone kama A inatoka A.

4.2 Ruhusa

Katika Linux kila faili lina mwenyewe, lina kundi, na kuna watu wengine wote. Kwa kila mmoja wa hao watatu kuna ruhusa tatu: kusoma, kuandika na kutekeleza. Kusoma kumepewa thamani ya 4, kuandika 2, na kutekeleza 1. Jumla ya thamani hizo hutaja ruhusa zote za mtu. Kwa mfano, faili lenye ruhusa 640 lina maana kwamba mwenyewe anaweza kusoma na kuandika, kwa kuwa 4 na 2 ni 6. Wa kundi lake wanaweza kusoma tu. Na wengine hawana ruhusa yoyote. Mhasibu ataandika, wajumbe wa kamati ya fedha watasoma, na mpita njia hataona kitu.

Kwa upande wa dosie, neno kutekeleza linapotosha. Dosie haitekelezwi kama programu. Ruhusa ile ile ya 1, ikiwekwa juu ya dosie, ina maana ya kuruhusiwa kupita ndani. Tunapendekeza basi kwamba katika mafunzo iitwe ruhusa ya kutekeleza kwa faili na ruhusa ya kupita kwa dosie. Mwenye ruhusa ya kusoma dosie bila ruhusa ya kupita ni kama mtu asimamaye dirishani: anaona majina ya vilivyomo, lakini hafikii kimoja. Mwenye ruhusa ya kupita bila kusoma ni kama mtu aliyeingia ghalani gizani: akijua jina la faili analolitaka atalifikia, lakini hawezi kuorodhesha yaliyomo.

Juu ya watumiaji wote yuko mtumiaji mkuu, ambaye katika Linux huitwa root. Tafsiri sisisi ya jina hilo ni mzizi, nayo inafaa kwa mpangilio wa madosie, ambao huchorwa kama mti uliopinduliwa, mzizi juu na matawi chini. Kwa mtu, mzizi haumwambii mwanafunzi kitu. Mtumiaji mkuu latosha, mradi ielezwe wazi kwamba ukuu huo ni wa hatari: amri yake haizuiwi na ruhusa za faili, hata kama inafuta kazi ya mwaka mzima. Ndiyo maana msimamizi mwenye busara hufanya kazi zake za kila siku kwa akaunti ya kawaida, na huazima ukuu kwa amri moja tu inayouhitaji.

4.3 Kuwasha na kuzima

Lugha ya kila siku ina kitenzi kimoja, kuzima, kwa taa, kwa redio na kwa kompyuta. Taa ikizimwa ghafula haidhuriki. Kompyuta ni tofauti, kwa sababu mfumo endeshi hauandiki kila kitu diskini papo hapo. Ili kufanya kazi haraka, huweka sehemu ya maandishi katika kumbukumbu ya muda, kisha huyapeleka diskini baadaye kidogo. Umeme ukikatika katikati, yaliyo katika kumbukumbu ya muda hupotea, na faili lililokuwa likiandikwa laweza kubaki nusu. Mifumo ya kisasa hutunza daftari la mabadiliko yanayokusudiwa, ili mashine ikiwaka tena iweze kurekebisha mpangilio wa diski. Lakini daftari hilo hulinda mpangilio wenyewe zaidi kuliko aya tatu ambazo karani alikuwa hajazihifadhi.

Uvira hukatikiwa umeme mara kwa mara, na kila mfanyakazi anajua. Kile ambacho wengi hawakuambiwa ni kwa nini ondulere, kile kifaa chenye betri kinachowekwa kati ya ukuta na mashine, hupiga kelele. Wengine huifasiri kelele hiyo kuwa dakika za ziada za kumaliza kazi. Maana yake ni nyingine: hifadhi, funga, uiache mashine iage. Tunapendekeza kutofautisha kuizima mashine, yaani kwa njia ya mfumo endeshi wenyewe, na kuikatia umeme. Tofauti ya maneno italeta tofauti ya matendo.

4.4 Chelezo

Istilahi backup ya Kiingereza imetafsiriwa kuwa nakala rudufu, nakala ya akiba na chelezo. Sisi tunapendelea chelezo, na sababu ni ya kisemantiki. Chelezo ni kitu kinachoelea, kama boya linalofungwa kwenye wavu au nanga. Limetokana na elea kwa njia ya eleza, yaani kukifanya kitu kielee, pamoja na kiambishi cha ki- kilichogeuka ch- mbele ya irabu. Mvuvi wa Tanganyika anajua kwamba wavu ukizama, kinachomwonyesha pa kuupata ni kile kilichobaki juu. Neno nakala halisemi hayo. Mtu anaweza kuwa na nakala katika diski ileile, na diski ikifa vyote viwili vikazama pamoja. Nakala hiyo si chelezo.

Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaingia mjini Uvira. Makumi ya watu walipoteza maisha na maelfu ya nyumba ziliharibiwa. Miaka iliyofuata maji ya ziwa yenyewe yalipanda, na mwaka 2024 yalivamia tena majengo ya ufukoni. Mbele ya vifo, kuzungumzia mafaili kwaweza kuonekana utovu wa adabu. Lakini baada ya msiba, aliyepoteza nyumba huhitaji hati ya kuzaliwa ya mtoto wake, rekodi ya matibabu, na uthibitisho wa akiba yake. Ofisi iliyohifadhi vyote katika mashine moja chini ya dawati haina cha kumpa. Anapoteza mara ya pili.

Kanuni inayofundishwa duniani ni ya tarakimu tatu: 3, 2, 1. Nakala tatu za kila kitu muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa Uvira, mbali kuna maana mahsusi: pasipofikiwa na mto wala ziwa lilelile. Kupeleka diski ya pili ng'ambo ya barabara hakutoshi. Tena, chelezo kisichojaribiwa hakiaminiki. Mara moja kwa mwezi msimamizi achukue faili moja kutoka katika chelezo, alifungue katika mashine nyingine, alisome. Mvuvi huvuta kamba kuona kama bado imefungwa.

5.0 Lugha ya amri

Swali huulizwa kama amri zenyewe zitafsiriwe. Jibu letu ni hapana. Amri kama chmod, ambayo hubadilisha ruhusa, au cp, ambayo hunakili, zilizaliwa katika Kiingereza, lakini hazitamkiki kama maneno ya Kiingereza. Mwingereza naye huketi chini akajifunza. Ni alama, mithili ya alama za hesabu au za kemia, na faida yake ni kuwa zilezile Uvira, Oslo na Nairobi. Ujumbe wa kosa uliotoka katika mashine ya Uvira waweza kupelekwa kwa mtaalamu wa Dodoma naye akauelewa. Tukizibadilisha amri tutajikata na msaada huo.

Kinachopaswa kutafsiriwa ni maelezo ya amri: inafanya nini, inahitaji ruhusa gani, na inaweza kuharibu nini. Mwanafunzi anayejua kwa Kiswahili kwamba amri fulani hufuta bila kuuliza atasita kabla ya kuibonyeza. Aliyekariri herufi zake tu hatasita.

6.0 Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na tuliyoeleza, tunapendekeza mambo matano kwa waandaaji wa mafunzo kazini.

Kwanza, dhana ifundishwe kwa Kiswahili kabla mashine haijawashwa. Ruhusa zichorwe ubaoni. Bandari ichorwe ubaoni.

Pili, kila mwanafunzi apewe orodha fupi ya istilahi yenye safu tatu: neno la mazoea, neno sanifu, na neno linaloonekana kwenye kioo, liwe la Kifaransa au la Kiingereza. Istilahi arobaini zinatosha kwa kuanzia.

Tatu, mtihani usiwe wa kurudia hatua. Mwanafunzi apewe mashine iliyoharibika makusudi, kama vile yenye mpangilio wa baobonye usiofaa au dosie iliyofungwa, aeleze kwa maneno yake tatizo ni nini kabla ya kuligusa.

Nne, wafundishwe wawili katika kila ofisi, si mmoja. Nenosiri la mtumiaji mkuu liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na litunzwe na mkuu wa ofisi. Mfanyakazi akihama au akifariki, ofisi isifungwe pamoja naye.

Tano, masahihisho ya mfumo yafundishwe kama sehemu ya kazi. Kila mfumo una umri wake. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki siku hiyo, na kwa sababu hiyo wengi hawatambui kwamba imebaki bila mlinzi. Penye uhaba wa fedha, mifumo huria kama Ubuntu hutoa masahihisho bila malipo, na baadhi ya mashine kuukuu zinaweza kuipokea.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usimamizi wa mfumo endeshi unaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupunguza usahihi wake, na kwamba mahali pengine Kiswahili huieleza dhana vizuri zaidi kuliko lugha iliyokopwa. Tumeonyesha pia kwamba ushindani wa istilahi hautatuliwi kwa kuwacheka wasemao dosie, bali kwa kuwapa neno la pili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingefanya jambo jema kuyasikiliza maneno ya ufuko huu inapopanga istilahi za kanda.

Kwa upande wetu, idara za lugha zina kazi ambayo hazijaichukua. Mafundi hawawezi kuachiwa peke yao jukumu la kusema kompyuta ni nini, kama ambavyo waganga hawakuachiwa peke yao istilahi za tiba. Orodha ya istilahi arobaini, ikiandikwa na wanafunzi wa isimu pamoja na makarani wa hospitali, wa bandari na wa ofisi ya kuandikisha vizazi, yaweza kukamilika katika muhula mmoja. Faida yake itaonekana siku umeme utakapokatika, au mto utakapopanda, na karani akajua la kufanya.